Mfuniko Usio na Sufuria

Tunaandika kutoka Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Nyie mnaotusoma kila mara mnajua desturi yetu: majina yetu hatuandiki, na majina ya watu tunaowasimulia hatuandiki pia. Tutasema kaka mmoja, dada mmoja, mama jirani. Inatosha.

Leo tunataka kuwapa habari ya mlango wetu. Ndani ya habari hiyo kuna kosa, na kosa ni letu sisi wenyewe. Tulikaa tukajadiliana: tuliandike au tulinyamazie? Wawili walisema tunyamaze, maana watu watatucheka. Wengine wote tukasema tuandike, kwa sababu kosa lenyewe linaweza kumpata kijana yeyote wa kambini, na hata mfanyakazi wa shirika mwenye nia nzuri kabisa.

Basi, mlango. Aliyeishi kambini anaujua mlango wa namna hii. Unachukua mikebe ya mafuta ya kula ya msaada, unaipasua, unainyoosha kwa nyundo, halafu unaipigilia kwenye fremu ya miti. Familia moja karibu na kwetu ilikuwa imepata mlango wa mbao, ule wa mikebe wakaulaza majanini. Ukakaa pale msimu mzima wa mvua. Siku moja dada mmoja wa kundi letu akausimamisha, akaufuta tope, akasema: "Huu tungeujaza vitu."

Vitu gani? Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulikuwa tumezoea kuchora, lakini rangi ziliisha na pesa ya kununua nyingine hatukuwa nayo. Kumbe takataka ziko bure. Tukakubaliana hivi: kila mtu alete kitu kimoja au viwili vilivyotupwa, ila kiwe kitu kinachomkumbusha nyumbani. Tutavibandika na kuvifunga kwa waya mpaka mlango mzima uwe picha moja. Watu wa sanaa huiita kolaji. Sisi tuliita tu mlango.

Jumamosi ya kwanza tulikutana chini ya mti na mifuko yetu. Kila mtu alitoa chake na kueleza, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mazito kidogo.

Kaka mmoja alitoa betri tatu za redio, zimeshaota kutu. Akasema baba yake kule Fizi alikuwa akizianika juani kila betri zikichoka, azipate nguvu za dakika chache, asikilize habari za jioni. Watoto walikatazwa kabisa kuzigusa. "Nikiona betri kwenye jua," akasema, "najua baba yuko nyumbani." Baba yake hajulikani alipo tangu walipotengana njiani.

Dada mmoja wa Burundi alileta kipande cha kitenge alichookota sakafuni kwa fundi cherehani. Si cha mama yake. Ni rangi tu inayofanana, ile ya njano yenye duara za kahawia. Alikuwa amepita kwa fundi mara tatu kabla ya kuthubutu kukiomba.

Mwingine alileta vizibo vya soda, vingi, mfuko mzima. Si mnajua mchezo wa dame? Kama hamna kete, vizibo vya upande mmoja mnavilaza kifudifudi, vya upande wa pili mnavigeuza chali, na mchezo unaendelea mpaka giza. Alisema hakumbuki tena sura za wenzake wote waliocheza naye, lakini anakumbuka nani alikuwa mwizi wa kete.

Kaka yetu Msomali alileta kishikio cha kikombe. Kikombe chenyewe hakuna. Kishikio tu. Alisema bibi yake alikuwa akinywa chai kwenye kikombe kisichokuwa na kishikio, akakataa kununuliwa kingine. "Sasa nimempatia kishikio," akasema, na sisi tukacheka, naye akacheka, halafu akanyamaza.

Mdogo wetu mmoja wa Goma akatengeneza chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kwa vijiti viwili vilivyovunjika na vizibo viwili vya magurudumu. Ndogo kama kidole. Kule Goma chukudu imejengewa hata sanamu mjini, basi hatukuona ajabu kuipa nafasi ya katikati kwenye mlango wetu.

Tulipomaliza kusikilizana, mmoja wetu akauliza jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Kati ya vitu vyote hivi, kipi kimetoka nyumbani kweli? Tukaangaliana. Hakuna hata kimoja. Betri ni za Uganda, kitambaa ni cha fundi wa hapa hapa, vizibo ni vya soda za duka la kona. Sisi tulikimbia mikono mitupu, au tulikuja tukiwa wadogo mgongoni mwa mama. Vitu vya nyumbani tulivyo navyo viko kichwani tu. Kwa hiyo tulikuwa tunatumia takataka za hapa kuita vitu vya kule. Na vilikuwa vinaitika. Hiyo ndiyo ilitupa moyo wa kuendelea.

Si wote waliofurahi. Mzee mmoja, baba wa mwenzetu, alikuja akasimama akatutazama tunaosha mifupa ya mwavuli kwa majivu. Akasema: "Wanangu, watu tayari wanatuona kama takataka. Sasa nyinyi mnakaa katikati ya takataka mpigwe picha?" Hatukuwa na jibu la kumridhisha. Tulimpa kiti, tukamwonyesha zile betri na kumweleza ni za nini. Alikaa kimya muda, akaziangalia, kisha akasema zimefungwa vibaya, zitaanguka. Akaomba koleo akazifunga upya mwenyewe. Lakini swali lake hakulifuta, na sisi hatukulisahau.

Tulitafuta kama kuna wengine waliofanya hivi kabla yetu. Simu moja, watu saba tukiizunguka. Tulipata mawili ambayo tunapenda kuwashirikisha.

La kwanza linatoka kwetu Kongo. Waluba wana kitu kinaitwa lukasa. Ni kibao cha mti cha kushika mkononi, juu yake kumepigiliwa shanga na simbi. Waliokijua kukisoma walikuwa watu wa chama cha Mbudye. Mtu alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, na huku anasimulia: wafalme, safari, koo, mahali patakatifu. Shanga moja iliweza kuwa mfalme au njia au ziwa, kulingana na anayesimulia na siku yenyewe. Yaani kibao hakisemi kitu peke yake. Kinamhitaji mtu wa kukisoma. Tulipenda sana, kwa sababu mlango wetu pia, ukiupita bila mwenyewe kukueleza, utaona vizibo tu.

La pili ni la Mjerumani aliyeitwa Kurt Schwitters. Huyo alikuwa akiokota tiketi za tramu, karatasi, waya, vipande vya mbao, akavibandika kuwa picha. Mwaka 1937 alikimbia nchi yake akaenda Norwei. Mwaka 1940 Wajerumani walipoingia Norwei akakimbia tena, akafika Uingereza, na Waingereza wakamfungia kambini kwenye kisiwa cha Man kwa sababu alitoka nchi ya adui. Ndani ya kambi hakukuwa na vifaa. Akachora juu ya vipande vya linoliamu ya sakafuni, na akatengeneza sanamu kwa uji. Uji! Ukaota ukungu. Tulicheka sana hapo, maana gundi yetu nayo ni uji mzito wa unga wa muhogo, na wiki ile ile panya walikuwa wamekuja usiku wakala kona nzima ya mlango. Tangu siku hiyo vitu vizito tunavifunga kwa waya, gundi tunaiachia karatasi na kitambaa.

Sasa tufike kwenye kosa.

Katikati ya mlango, juu ya ile chukudu, palibaki nafasi. Tulitaka kitu cha duara, cha kung'aa, kama jua au mwezi. Kaka wawili wakatumwa kutafuta. Wakarudi na mfuniko wa sufuria, wa aluminiamu, umebonyea upande mmoja, mweusi kwa moshi. Waliuona nyuma ya nyumba ya mama jirani, umelala juu ya ndoo iliyopasuka yenye majivu. Ndoo mbovu, majivu, mfuniko uliobonyea: wakaona ni takataka. Hawakupiga hodi. Na sisi wengine hatukuwauliza wameutoa wapi. Tuliusugua kwa mchanga mpaka ukang'aa, tukapasha msumari moto, tukatoboa matundu manne, tukaufunga kwa waya. Ulipendeza. Tulisimama mbali tukautazama, tukapigana makofi.

Siku tuliyowaalika majirani kuja kuona, mama jirani naye alikuja. Alikuwa na mtoto mkononi. Alipita polepole, akacheka kwenye vizibo, akagusa kitenge. Alipofika katikati akasimama. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Ni nani alitosha mufuniko yangu?"

Tukanyamaza. Mmoja wetu akajitahidi: "Mama, tusamehe. Tulifikiri ni takataka. Ilikuwa nyuma, kwa ndoo ya majivu."

"Iko nyuma juu niliiweka nyuma," akasema. "Kitu ya kuweka na kitu ya kutupa, hamujue tofauti yake?"

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimpa dada mmoja mtoto amshikie, akaanza kufungua waya kwa vidole vyake mbele ya watu wote. Tulitaka kumsaidia, akakataa. Watu walikuwa wameacha kuongea. Alipomaliza aliufuta mfuniko kwa kitenge chake, akainua matundu yale manne kwenye mwanga akayaangalia, akamchukua mtoto wake akaondoka. Sherehe iliishia hapo.

Jioni tulikwenda kwake, wote. Tulibeba sukari nusu kilo na majani ya chai, maana kwenda kuomba msamaha mikono mitupu haifai. Alitukaribisha. Mfuniko ulikuwa ndani sasa, umeegemezwa ukutani. Tulisema kosa letu bila kulizungusha. Akatuambia tukae, akaanza kutueleza. Tunaandika maneno yake kama tulivyoyasikia, na ametupa ruhusa.

"Ile siku nilikuwa napika maharagi. Nilifunua sufuria nione kama imeiva. Njo masasi ikaanza kulia, karibu kabisa. Nilibeba mutoto na mukono huu. Huu mwingine ulikuwa unashika mufuniko. Nilikimbia. Sikujue kama niko nayo mpaka Bunagana. Pale mupakani mama mumoja akaniuliza: sasa na huo mufuniko utafunika nini? Nikacheka. Kicheko ya kwanza siku ile."

Ilikuwa mwaka 2022. Walivuka, wakapelekwa Nyakabande kule Kisoro, kituo cha kupokelea watu. Mvua ilikuwa kali, akamfunika mtoto kichwa kwa ule mfuniko. Halafu wakaletwa Nakivale. Hapa alipewa sufuria, lakini mfuniko haukuenea. Sufuria kubwa, mfuniko mdogo. Watu walimwambia auze kwa wanunua vyuma. Hakuuza. Ndoo ilipopasuka akaifanya ya majivu ya kuoshea vyombo, na mfuniko ukapata kazi.

"Sufuria ilibaki kwa moto," akasema. "Maharagi najua iliungua. Nyumba sijue. Lakini mufuniko iko hapa. Njo naiangalia, naona jiko yangu yote."

Tukasikia aibu ambayo ni vigumu kuiandika. Jumamosi zote zile tulilia kwamba hatuna hata kitu kimoja kilichotoka nyumbani. Kilikuwepo kimoja, hatua hamsini kutoka mti wetu, kimevuka mpaka mkononi mwa mtu. Na hicho peke yake ndicho tulichokitoboa kwa msumari.

Kaka mmoja akaomba aupeleke kwa fundi wa vyuma azibe matundu. Mama akatikisa kichwa. "Acha ivi. Sasa iko na tundu ya kupumulia." Akatupa chai. Sukari ile ile tuliyoleta.

Tulirudi kwenye mlango tukakuta duara tupu. Pale mfuniko ulipokuwa, bati lilibaki safi, na pembeni kote gundi na vumbi. Tulijadiliana tuweke nini. Mmoja akaleta sahani ya plastiki, tukaijaribu, tukaiondoa. Mwisho tukaacha hivyo hivyo.

Sasa kila mtu anayekuja kuona anauliza: hapa palikuwa na nini? Sisi hatujibu, si habari yetu. Ila mama jirani akiwa anapita na maji, mara nyingine anaweka jerikani chini na kujibu mwenyewe. Anaweka kidole pale kwenye duara na kusimulia. Kila mara anaongeza kidogo. Juzi tulisikia kwa mara ya kwanza kwamba maharagi yale yalikuwa ya mgeni, dada yake alikuwa anakuja kumsalimia. Akafika hapo, akabeba jerikani yake, akaenda. Hatukumuuliza zaidi.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili ni kwa ajili ya ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma. Karibu na tarehe 20 Juni, siku ya wakimbizi duniani, alikuja mgeni mmoja mwenye roho nzuri, akapenda mlango sana. Aliposikia habari ya mfuniko akasema: je, mama hawezi kuukopesha siku moja tu, urudi mahali pake kwa ajili ya maonyesho? Picha itakuwa na nguvu. Akataja kwamba ingewezekana kutupatia mbao na rangi. Mbao tulizihitaji. Tulikwenda kando tukaongea. Hata kwenda kumuuliza mama tuliona ni kumtwisha mzigo wa kukataa mbele ya mgeni. Tukarudi tukasema hapana. Mgeni hakukasirika. Alipiga picha ya mlango na duara lake tupu, akatushukuru, akaenda. Mbao hatujaziona, na tunaendelea na fremu za kuokota.

Hatusemi haya kumlaumu. Alifanya kama sisi tulivyofanya: aliona kitu kizuri akakitaka kwa kazi nzuri. Tunachoomba ni swali moja tu litangulie. Siku hizi kundi letu lina sheria moja, tumeiandika kwa makaa juu ya ukuta: "Kimetupwa au kimewekwa?" Kabla ya kuokota chochote karibu na nyumba ya mtu, unapiga hodi na kuuliza hivyo. Mara nyingi wanakwambia chukua, kimetupwa. Mara nyingine wanacheka. Na mara nyingine mtu anakwambia hapana, kimewekwa, halafu anakuambia kwa nini, na siku hiyo unarudi bila kitu mfukoni na bado umepata.

Swali hilo linafaa pia siku ya usafi wa kambi, siku ya kubomoa vibanda vya zamani, siku ya kugawa vyombo vipya na kukusanya vya zamani. Kipande cha turubai, kandambili ya mguu mmoja, gunia lililotoboka. Uliza kwanza.

Yule mzee aliyetuuliza kuhusu takataka amerudi mara mbili. Mara ya pili alileta kitu chake, kimefungwa kwenye gazeti. Ni kipande cha sabuni kilichokauka, kidogo kama kiganja cha mtoto. Tulipomuuliza, kimetupwa au kimewekwa, alifikiri. Akasema: "Bado sijaamua." Akakifunga tena, akaondoka nacho.

Ukitaka kuanza kwenu, iwe Nyarugusu, Kakuma, Kyangwali au popote, haihitaji pesa. Tafuteni ubao au mlango mbovu. Osheni kila kitu kwa sabuni na majivu, muanike juani. Msiguse sindano, vyupa vya dawa wala vioo vilivyopasuka, hata vikipendeza. Pangeni kwanza chini siku nzima kabla ya kufunga chochote, kwa sababu mtu akieleza chake, mpango wote hubadilika. Na kila kitu kiwe na mtu wa kukisema.

Nasi tunawauliza nyinyi: kwenu ni kitu gani ambacho wengine wanakiona takataka, na wewe unajua umekiweka?

Vijana wenu wa Nakivale.